Mbuzi Wakavu wa Shemeji

Aliyemuua mama ni shemeji yangu, mume wa dada yangu. Namtaja mwanzo, asije mtu akasema ni mto.

Mafuriko ya El Niño yalipotufikia huku chini ya Golbanti, nilimpandisha mama juu ya dungu la kulindia mpunga, nikaenda kuita jirani anisaidie kumbeba hadi kwenye mtumbwi wetu niliokuwa nimeufunga ukingoni. Niliporudi, mtumbwi haupo. Kabla ya jioni maji yalikuwa yameliangusha dungu, mama akiwa juu yake. Kambini Garsen ndugu walinisema: mwanamume mzima hajui kufunga kamba. Shemeji alinisema kuliko wote, huku akinipa pole.

Tulilala shuleni, na mwalimu mmoja alikuwa na redio. Asubuhi moja alitueleza aliyoyasikia: Ulaya kuna watu wamechimba njia ya mviringo chini ya ardhi, wanagonganisha humo chembe ndogo kuliko vumbi. Wanatafuta kitu cha giza kinachozishika nyota zisitawanyike. Wanadhani kila chembe ina pacha wake mzito ambaye hajaonekana, na huenda pacha mmojawapo ndiye hilo giza. Nikauliza, kama haonekani watamjuaje?

"Wanaangalia vipande vilivyoruka, mzee wangu. Vikiruka upande huu, na upande wa pili hakuna kitu, wanajua kuna aliyepita pale."

Wenzangu walicheka, mmoja akasema Wazungu hawana mafuriko ndiyo maana. Mimi sikucheka. Nilizunguka kambi nzima nikiuliza kila mtu alifikaje. Huyu alipakiwa na jirani, yule alishika gogo, wengine walikuja na boti ya serikali. Kila mtu alikuwa na kilichomleta. Shemeji peke yake hakuwa nacho, na alifika na mbuzi saba, manyoya makavu.

Wale wa Ulaya walikuwa hawajampata pacha wao. Mimi wangu nilimpata.

Siku ya matanga, mbele ya ukoo, nikamuuliza, "Shemeji, mbuzi wako walifikaje Garsen?"

Akajibu kwamba Mungu ana njia zake. Dada yangu alikuwa akipakua wali. Akaweka mwiko chini.

"Kamba uliifunga vizuri, kaka. Aliikata kwa panga."

Sikumpiga. Niliwaendea wavushaji mmoja mmoja, kuanzia kwetu hadi Kau, nikawaambia. Sasa akifika kivukoni, kila mtumbwi una kazi nyingine. Shamba lake liko ng'ambo, limekuwa pori. Nalitazama kila siku, na bado sijashiba.