Ngitili ya Mayu Ilivyoliwa na Boila

Siku niliyonyoosha mkono mkutanoni naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na upepo wa kiangazi ukianza kuvuma mimi kukaa siwezi. Nainuka, nazunguka uani, nakaa, nainuka tena. Mke wangu keshachoka kuniuliza nina nini.

Miaka ile ya sabini nilikuwa mchochea boila, lile tanuri la mvuke linaloendesha mitambo, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, upande wa Mhunze. Kijana, nguvu tele, na mdomo pia, usiseme. Kiwanda chenyewe kilikuwa hoi. Vipuri hakuna, malori hakuna, pamba tunayoichambua inalala ghalani mpaka inaota ukungu. Kila mwaka tunasikia kitafungwa, na kila mwaka wakubwa wanakuja kutuambia tukiokoe, ni kwa muda tu. Mafuta yalipokosekana, boila ikalishwa kuni. Ee bwana, ilikula! Migunga ya kando ya mto ikaisha. Ya mlimani nayo ikaisha.

Ukaitishwa mkutano, meneja akauliza nani ana miti. Nikanyoosha mkono. Nikaitoa ngitili ya mama yangu, ambaye sisi wote tulimwita Mayu, mjane wa watu, wala sikumuuliza. Ngitili, kama hukuikuta, ni malisho yenye miti yanayofungwa masika yote, mnyama asitie mguu, ili kiangazi kikikaza ng'ombe wapate nyasi na kivuli. Mayu alikuwa na ng'ombe tisa tu, na ngitili ile ndiyo iliyowavusha kila mwaka. Watu wakanipigia makofi. Kichwa kikanivimba, mjinga mie!

Wiki mbili za mashoka, pakabaki visiki. Matrekta ya kubeba magogo yakazisaga nyasi zote.

Mayu akaja kiwandani mchana kweupe, akapita getini, mlinzi asithubutu kumzuia. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mayu." Akautazama moto.

"Mnapika nini humu?"

"Tunachambua pamba, Mayu."

"Iko wapi?"

Nikampeleka ghalani. Akachomeka mkono kwenye robota, ukatoka na pamba nyeusi, inanuka. Akaniwekea kiganjani. "Ng'ombe wangu wale hii?"

"Kiwanda ni chetu sote, Mayu. Tukikiacha kitakufa."

"Kilishakufa, Masanja. Mnamwotesha moto maiti."

Nilimkasirikia, nakwambia kweli. Nilimwona mshamba. Nikarudi kwenye boila nikaichochea kwa hasira mpaka jasho likaniingia machoni.

Kiangazi kikafika. Upepo ukaibeba ile ardhi tupu, vumbi mpaka ndani ya vyungu. Ng'ombe wanne wakafa, niliwachuna mwenyewe, mbavu nje nje. Watano waliobaki Mayu akawaswaga kwa miguu hadi kwa mjomba wangu, upande wa Kahama, siku nyingi za mwendo. Nilimfuata njiani nikimsihi arudi. "Nitapanda miti mingine, Mayu." Akasema, "Panda," akaendelea na safari yake. Tulimzika huko huko.

Kiwanda kikafungwa mwaka uliofuata. Miti nimepanda. Mingine imeshika, mingi imekufa, na Mayu hakuona hata mmoja.

Mwanangu, sikukatazi kuisaidia kampuni inayoanguka. Watu wanapata ugali humo, nami niliupata. Lakini ukiambiwa ni kwa muda tu, uliza ni muda gani. Uliza itakula nini wakati inangojea kupona, na kinacholiwa ni cha nani. Kama si chako, shusha mkono, nenda nyumbani ukamuulize mwenyewe kwanza. Utaonekana mwoga mkutanoni, sawa, waache wakuone. Mimi nilionekana shujaa, na mama yangu akafa ugenini.

Mungu akujalie mvua kwa wakati wake, mwanangu, akupe na ujasiri wa kuuliza mbele ya wakubwa, na mama yako azeeke nyumbani kwake.