Mwenye Ufunguo Hulima Mwisho

Jina la Mama Funguo alipewa na watu aliowanyima maji, na kwenye mfereji ule hakuna ambaye hajawahi kunyimwa. Wala halimsumbui. Ufunguo wa lango la chuma, pale maji yanapotoka mtoni, hukaa kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, kando ya chujio la chai, na kila asubuhi huuvaa shingoni kabla hajanawa uso.

Kazi ya kugawa maji ina sharti moja, walilojiwekea wakulima wenyewe: mwenye ufunguo hulima shamba la mwisho. Maji yakipotea njiani kwa uzembe au upendeleo, wa kwanza kulala njaa ni yeye. Sharti safi kabisa, mpaka mto ulipopungua.

Mahindi yake yalikuwa yanatoa mbelewele, na jua halikuwa na huruma. Mahindi yakikosa maji wakati huo, utavuna magunzi, na chakula kingine cha watoto wake hakikuwepo. Maji yaliyobaki yangetosha shamba moja tu. Asubuhi hiyo kaka yake, mwenye shamba la kwanza kutoka langoni, alimkuta akifungua kufuli.

"Leo maji yaingie kwangu, mdogo wangu. Vitunguu vimelala chini vyote."

"Vimekomaa, kaka. Vinataka kukauka, hivyo."

Kaka mtu alicheka kwa dharau. Kwake yeye, shamba lisilo na tope ni shamba linaloumwa. Kila mwaka vitunguu vyake huoza ghalani, na kila mwaka hulaumu ghala.

"Sema tu unataka kunywesha mahindi yako," alisema kwa sauti, na majirani waliokuwa wakizibua mitaro yao wakainua vichwa. "Ufunguo unao wewe, nani atakuuliza?"

Hapo alimchoma. Matusi ya mfereji Mama Funguo alishayazoea, ila si kuitwa mwizi na mtu aliyenyonya naye ziwa moja. Ubaya ni kwamba alikuwa na haki, na haki yenyewe ilikuwa inamnufaisha yeye. Angejiteteaje?

Hakujitetea. Alivua ufunguo shingoni akamvisha kaka yake.

"Haya, gawa wewe. Ila sharti unalijua, mwenye ufunguo hulima mwisho. Kuanzia sasa mahindi kule chini ni yako, na vitunguu hivi ni vyangu. Na mimi vitunguu vyangu sivimwagilii."

Majirani waliangua kicheko. Kaka mtu akatazama ufunguo, akatazama majirani, akaona kurudi nyuma ni aibu. Akashuka na mfereji, mdogo wake nyuma yake.

Kule mwisho kaka mtu hakuhitaji kuambiwa. Majani ya mahindi yalikuwa yamejikunja. Aliinama akachimba kwa vidole, akafinya udongo kiganjani kama anavyofanya dada yake kila siku, ule udongo ukapukutika wote mpaka chini. Akachota tena mahali pengine, ukapukutika vilevile.

"Haya yakikauka, wanangu wanakula nini?" aliuliza, na aliuliza kwa hofu ya kweli, maana kwa dakika ile yalikuwa yake.

"Si ndiyo hapo," alijibu Mama Funguo.

Walirudi langoni. Kaka mtu alifungua lango mwenyewe, akashika jembe, akayasindikiza maji akizibua kila penye taka, huku akimfokea jirani aliyeacha mtaro wake wazi. Maji yalipita kando ya vitunguu bila kuonja hata tuta moja. Jioni mahindi yalikuwa yamesimama ndani ya maji, na kaka mtu amelowa hadi magotini.

Akavua ufunguo, akamrudishia dada yake.

"Chukua. Nirudishie na vitunguu vyangu."

"Nitakurudishia," alisema Mama Funguo, akiuvaa. "Vikishakauka."