Njia ya Kupitia kwa Bibi Mwamini

Juzi nilikuwa Gisozi, kwa maseremala wa Kigali, nikitafuta kabati la vitabu ambavyo sitavisoma, mvua ikaipiga mianzi iliyorundikwa nje ya karakana. Harufu ya mianzi iliyolowa ilipopanda, msomaji wangu, nikajikuta tena Rwezamenyo, mtaa nilikokulia, msichana mdogo, nimelala chali juu ya ingobyi, nikipunga mkono kama waziri.

Ingobyi ni machela ya mianzi ya kusuka ambayo kwetu ilitumika kubebea wagonjwa mabegani. Wabebaji walikuwa wanaume, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Aliyeuliza ni Mama Shakila, jirani yetu muuza sambusa, mwanamke mfupi ambaye sauti yake ilifika kabla yake. Masika yaliyotangulia, mfereji wa nyuma ya nyumba zetu ulikuwa umefurika na kuondoka na jiko zima la mtu. Mawingu yalipoanza kukusanyika tena, aliwakusanya wanawake baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi, akawagawia kila mmoja mlango wa kuuangalia. Wanaume walicheka. Mmoja akataka kujua kama wabeba ingobyi watavaa kanga.

“Mvua yetu inashuka mchana,” akamjibu. “Mchana nyinyi mko wapi? Mjini. Basi tutavaa kanga.”

Mazoezi yakaanza. Alihitajika mgonjwa, nikachaguliwa mimi, nami nikaamini ni kwa ajili ya kipaji changu cha kuigiza. Wanawake wanne walininyanyua, wakapanda nami njia ya matope hadi madrasa iliyo juu, wakiteleza, wakitaniana, mabega yakiwachubuka. Kila mara walipitia kwa Bibi Mwamini, ingawa njia hiyo ilikuwa ndefu zaidi. Sikulitilia maanani, nilikuwa na kazi ya kupunga mkono.

Bibi Mwamini aliishi peke yake ukingoni mwa mfereji, na miguu yake ilikuwa imechoka. Mama Shakila alimwomba akubali kubebwa mvua ikizidi. Akakataa. Kwake mabega ya watu yalikuwa na safari moja tu, ya kwenda kaburini, naye hakuwa na haraka. Tulipopita alikuwa mlangoni akichambua maharage, akitutazama kwa dharau. Siku moja akaniita.

“Wewe mtoto, umekufa?”

Nikamwambia hapana, nimechoka tu kutembea. Akacheka hadi maharage yakamwagika.

Mvua ikaja mchana. Mabati yalinguruma, mfereji ukapanda, maji mekundu yakaanza kuulamba ukuta wa Bibi. Hakukuwa na kukimbizana. Kila mwanamke alikwenda kwenye mlango wake. Nilimfuata Mama Shakila bila kuitwa. Tulimkuta Bibi ameng’ang’ania kitanda, maji yakiwa yamefika vifundoni mwetu. Mama Shakila hakumbembeleza. Aliilaza ingobyi pembeni yake kitandani, akangoja. Bibi akaitazama, kisha akanitazama mimi.

“Haya sha, mnibebe kama huyu mjinga,” akasema. “Uso juu, nione njia.”

Mama yangu, mmoja wa wabebaji wanne, alishika mbele, upande wa kulia. Kwenye mwinuko aliteleza, akapiga goti, lakini bega lake halikushuka. Kuteleza huko walikuwa wamekuzoea. Tulipofika madrasa na kugeuka, ukuta wa Bibi ulikuwa umelala ndani ya maji. Yeye mwenyewe hakuuona mara moja. Alikuwa bado anawapungia mkono majirani.

Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kama habari ya kipaji changu. Nilimaliza chuo kikuu, nikahudhuria semina za maafa na kula biskuti zake, kabla sijajiuliza kwa nini watu waliochoka walichagua njia ndefu. Nusu ya mazoezi yale ilikuwa ya mabega. Nusu nyingine ilikuwa ya mwanamke mmoja mkaidi aliyekaa mlangoni, ili azoee kuona mtu aliye hai akibebwa. Kwa kazi hiyo mgonjwa hodari asingefaa. Alitakiwa mtoto asiyeweza kulala kimya hata akiambiwa, na mtaa mzima ulijua pa kumpata.