Kihenge cha Michembe na Unga wa Gazetini

Kiazi kitamu kikikatwa vipande na kuanikwa juu ya jiwe hutoa harufu tatu kwa siku moja. Asubuhi kinanuka udongo mbichi na ule utomvu mweupe unaoganda vidoleni na kugeuka mweusi, hata ukifika shule mwalimu anakuuliza kama kwenu hakuna maji. Mchana, jiwe likishapata moto, harufu inakuwa tamu na nyuki wanakuja kuulizia habari. Jioni, wakati wa kukusanya, inabaki harufu kavu na tulivu, kama ya nyasi zilizolala juani. Vipande hivyo Wasukuma tunaviita michembe. Ukivichemsha ukavichanganya na karanga zilizopondwa, unapata chakula cha kumshibisha mtu mzima, na ndicho kilichokuwa kikituvusha kutoka mavuno mpaka mvua. Kwetu, kijijini, upande wa kutokea Bariadi kwenda Lagangabilili, majabali ni mengi kuliko nyumba, na mimi nilikua nikidhani Mungu aliyatandaza kwa kazi hiyo tu. Siku nilipoona kwenye kitabu cha jiografia picha ya mlima mkubwa, jambo la kwanza nililowaza ni michembe kiasi gani ingeenea pale juu.

Akiba haiozi, wanasema. Aliyesema hivyo hakuwahi kuwa na kihenge Usukumani. Ukishamaliza kupigana na mbuzi wanaopanda jabalini, na wingu la ghafla linalokufanya ukimbie na ungo kichwani, bado kuna fukusi, mdudu mdogo kuliko punje ya mtama, anayeingia kihengeni bila kubisha hodi. Mwaka uliotangulia huo ninaousimulia, tulifungua kihenge tukakuta nusu ya michembe imetobolewa kama chujio, na chini umelala unga mchungu ambao hata nguruwe wa jirani aliunusa akageuka. Mama aliketi kizingitini. Aliutegemea mchanganyiko wake wa jivu la mavi ya ng'ombe na majani makavu ya mwarobaini, na mwaka huo ulimwangusha.

Hiyo ndiyo ilikuwa miaka ya soko huria. Kabla ya hapo dawa za shambani zilikuja na lori la ushirika, kwenye makopo yenye maandishi, na bwana shamba alisimama akaeleza hii ni ya nini na ile ni ya nini. Sasa ghala la ushirika lilikuwa na kufuli lenye kutu, bwana shamba alikuwa haonekani, na kila mwenye baiskeli alikuwa mfanyabiashara. Wanunuzi wa pamba walikuja kila mmoja na mizani yake. Mama hakuiamini hata moja. Alikuwa akipanda yeye mwenyewe kwanza, kwa kuwa uzito wake aliujua kutoka kliniki alikompeleka mdogo wangu Masanja, na mizani ikisema tofauti anashuka, anajitwisha pamba yake na kuondoka. Watu walicheka, lakini baada ya wiki mbili wanawake wote walikuwa wanapanda.

Baba alikuwa mtu wa namna nyingine. Baba alipenda kipya. Nadhani ndoto zangu nimezirithi kwake. Siku moja, Mama akiwa msibani kwa siku mbili, Baba alirudi kutoka mnadani na furushi la gazeti lililofungwa kwa uzi wa katani. Ndani kulikuwa na unga wa kijivu. Akaniita mimi na shangazi, dada yake, ambaye tulimwita Sengi, tukashinda mchana mzima tukipanga michembe kihengeni tabaka kwa tabaka, na kila tabaka Baba akinyunyiza unga ule kwa kopo lililotobolewa matundu kwa msumari. Ulinikereta kooni. Tukafunika, tukakandika udongo na samadi juu ya mfuniko, kazi ikaisha. Kwenye kikapu jikoni ilibaki michembe michache ambayo haikunyunyizwa kitu.

Mama aliporudi hakukaa hata kunywa maji. Alinusa hewa.

"Mmepulizia dawa ya pamba hapa?"

"Pamba gani kiangazi hiki?" Baba alisema. "Nimeweka dawa. Mwaka huu fukusi watahama wilaya."

Mama akaliokota lile gazeti akaligeuza huku na huku. "Baba Kabula, hapa hakuna jina la dawa. Pameandikwa nini?"

Baba akasoma, sauti ikishuka kidogo kidogo. Ulikuwa ukurasa wa michezo.

"Basi fukusi watakufa wakijua nani kafunga," Sengi akadakia.

"Aliyekuuzia alisema ni ya chakula au ni ya pamba?"

"Alisema ni ya wadudu."

"Wadudu wa wapi?"

"Mama Kabula, mdudu ni mdudu! Siku hizi ni ruksa, mtu anauza. Ingekuwa mbaya wangemwacha mnadani?"

"Nani wangemwacha?" Mama aliuliza.

Kihenge kile kilikuwa ndicho chakula chetu. Mtama ulikuwa umebaki debe moja na kitu. Kwa hiyo Mama hakusema kitupwe. Alisema kijaribiwe kwa kuku. Na kuku, baada ya ugonjwa wa kideri kupita na kufagia banda zima, alikuwa amebaki mmoja tu, mtetea wangu mwenye madoadoa, niliyempa jina la Mwalimu kwa sababu alitembea akitazama chini kama anayesahihisha madaftari. Mama alitoboa mfuniko, akatoa michembe ya kujaza mikono, akaniambia niiponde, niiloweke, nimpe Mwalimu na kumfunika kwa tenga mpaka kesho yake.

Nilikuwa na miaka tisa. Nilienda nyuma ya nyumba nikamtazama, naye akanitazama kwa jicho moja, kama kuku wanavyofanya wanapokuamini. Nikaimwaga ile michembe chooni. Nikachukua ile ya kwenye kikapu cha jikoni, isiyo na dawa, nikaiponda hiyo. Mwalimu alikula vizuri sana. Asubuhi tenga lilipofunuliwa alitoka akijikung'uta, akaendelea na usahihishaji wake.

"Haya, shahidi kaongea!" Baba alisema, akazunguka uani kama bwana harusi. Mama aliitikia kwa kichwa tu, ila niliona mabega yake yameshuka, kama mtu aliyetua mzigo. Alisema mtama ukiisha tutaanza kula kihenge.

Tangu asubuhi hiyo furaha yangu ikawa na mdomo mchungu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi chenyewe kilikuwa kihengeni, na aliyekifungulia mlango ni mimi. Nilianza kumshuku kila mtu na kila kitu. Sengi akikohoa, nilijiuliza kama amechukua kipande cha michembe. Masanja, aliyekuwa na miaka mitatu na tabia ya kuweka kila kitu mdomoni, nilimfuata kama kivuli, nikimfungua mikono kuona ameshika nini. Debe la mtama nililichungulia kila siku, nikiona chini yake panakaribia. Na Mama, aliyezoea kumshuku kila mtu mwenye mizani, akaanza kunitazama mimi. "Kabula, unaumwa?" Siumwi, Mayu, mama yangu. "Umevunja nini?" Sijavunja. Akaendelea kupepeta.

Jumapili moja baada ya kanisa, mtama ukiwa umeisha, nilikuta chungu jikoni. Harufu ya michembe na karanga ilikuwa imejaa uani, na ninakiri kwamba mate yalinitoka. Mama alikuwa ameiosha mara tatu kuondoa ule unga, akaipakua. Baba alinawa, Sengi akanawa. Masanja alipewa bakuli lake la bati, akachukua kipande kwa mikono miwili na kukipuliza kama alivyofundishwa.

Nililipiga teke lile bakuli. Likaruka mpaka ukutani.

Masanja akaanza kulia, Baba akasimama, na mimi nikawa napiga kelele nisiyoijua: kuku hakula, kuku hakula, nilimpa ya kwenye kikapu, kuku hakula! Ilichukua muda wakaelewa. Sengi taratibu akatoa kipande alichokuwa amekitia mdomoni, akakitazama kiganjani. "Ng'wanone," aliniambia, yaani mwanangu, "ungesema kabla sijanawa."

Baba alikasirika, na kwa kweli alikuwa na haki. "Huyu mtoto ni mwongo," alisema. "Alitudanganya juzi, leo tumwamini kwa nini? Chakula cha mpaka mvua kinyeshe, kwa neno lake? Leteni kuku. Ale sasa hivi, mbele yangu."

Nikajua Mwalimu amekwisha. Lakini Mama alikuwa ameshamkamata Masanja, anamfuta vidole kimoja kimoja kwa upande wa kanga.

"Kuku akipona leo, itathibitisha nini?" aliuliza. "Sumu nyingine inatembea polepole. Sisi hatutakula siku moja tu, Baba Kabula. Tutakula kila siku."

"Na kama ni dawa nzuri?"

"Basi nitakuwa nimekosea. Chimba shimo."

Baba aligoma mpaka jua likaelekea kushuka. Kisha nikasikia jembe. Tulibeba michembe kwa vikapu, sisi wote, miezi ya jasho na mikono myeusi ya utomvu, tukaimwaga shimoni na kufukia. Mchumia juani hulia kivulini. Sisi siku hiyo tulilia pale pale juani. Baba alikwenda mnada uliofuata na uliofuata tena, yule muuzaji hakuonekana, na waliokuwa wakiuza jirani naye walisema hawamjui. Mwaka huo tuliishi kwa nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, na uji mwepesi, na Mama akaenda kwa ndugu zake huko Kalemela, upande wa ziwa, kulima mpunga wa watu, akawa anarudi na dagaa na mchele kidogo. Nilikonda. Hakuna hata siku moja aliyonikumbusha kwamba ni kwa sababu yangu. Mpaka leo hatujui unga ule ulikuwa nini. Sengi alikuwa akisema ni chokaa ya kupaka ukuta. Baba bado anashikilia kwamba ilikuwa dawa nzuri kabisa.

Siku hizi naishi Bariadi mjini, nakausha michembe na mboga na kuuza kwenye mifuko iliyozibwa, na usiniulize ndoto zangu zinafika wapi, maana zimeshapanda ndege. Maduka ya pembejeo yamejipanga barabarani, dawa zina lebo, zina tarehe, nyingine zina namba ya kukwangua na kutuma kwa simu. Kuna mifuko isiyopitisha hewa ambayo fukusi anafia ndani bila unga wowote. Mama yangu angekuwa na vitu hivi, angeimba. Lakini naona pia kwamba tumezoea kuamini lebo kuliko mtu. Binti yangu ana miaka minane, ni mwongo kidogo kama nilivyokuwa, na ana huruma ileile. Juzi alikuja akaniambia, bila sababu aliyoweza kuieleza, kwamba hapendi harufu ya mboga za mfuko fulani. Nilikuwa na mteja mlangoni. Nilimwambia aende akacheze. Mama, akiwa na debe tupu la mtama na watoto wawili, alisikiliza neno la mtoto aliyetoka kukiri kwamba amedanganya, akafukia kihenge kizima. Mteja alipoondoka nilirudi kwenye mfuko ule, nikamwita binti yangu, nikamwomba anieleze tena.