Pistoni ya Touger kwenye Uzio

Kila Jumamosi ya kiangazi Verlin Haskett huwa wa kwanza kufika uwanja wa nyuma ya duka la aiskrimu, pale Kaukauna, Wisconsin, wanakokutana wapenda magari kuonyeshana magari yao. Huja na Pontiac yake ya kijani ya mwaka sitini na nane, injini ya silinda nane, inanguruma hadi vikombe vya watu vinacheza mezani. Kiwanda cha karatasi alikofanya kazi kilimharibia masikio, lakini ile injini anaisikia vizuri tu. Tangu mkewe Arlys afariki, Jumamosi ndiyo siku aliyobakiwa nayo. Nyingine hupita tu.

Safu ya mbele pale haipatikani kwa kuwahi. Sharti ulete chuma ulichokivunja mwenyewe ukiijenga gari yako au ukiikimbiza, usimulie kilivyovunjika, ndipo Verlin akifunge kwa waya kwenye uzio. Kuna gia zisizo na meno, kuna vali zilizopinda kama ndoana. Chake yeye ni kipande cha propela, ule mhimili unaozungusha magurudumu ya nyuma, ambacho nusura kimtoe mguu, na ukimpa nafasi atakuonyesha kovu.

Touger Lor, mchonga vyuma, Mhmong, jamii yenye asili ya milima ya Laos, mkazi wa mji ule ule, alipokuja na Honda yake ndogo nyeupe, alielekezwa nyuma kwenye mapipa ya taka, maana ndiko magari ya Kijapani yalikowekwa. Akakaa huko kiangazi kizima bila kunung'unika. Kisha Jumamosi moja akamjia Verlin na pistoni mkononi, imetoboka katikati.

"Mzee, nimeleta changu."

Garland Tackett, mwenye Mustang nyekundu, rafiki wa Verlin tangu shuleni, akaitazama ile Honda, akaguna. "Kumbe cherehani nazo huvunjika? Nenda kashone suruali, bwana."

"Geuka kwanza, kaka," Touger akamjibu, "nione kama yako haijachanika."

Watu wakacheka. Garland hakucheka. "Verlin, hicho kidude kikikaa mbele, mimi naondoka. Na siondoki peke yangu."

Hapo Verlin akabanwa. Garland alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza la Arlys, na ndiye anayempigia simu asubuhi kujua kama ameamka. Akiondoka na wenzake, uwanja utabaki na nani?

Akaipokea pistoni, akapitisha kidole kwenye tundu.

"Ilikuwaje?"

"Nilifunga tabo, ile pampu ya kuisukumia injini hewa, niliyoiunga mwenyewe, gereji kwa mjomba. Nikaipa hewa nyingi, mafuta machache. Tukiwa mashindanoni nikasikia inagonga. Nikajua nimekosea, ila nikasema, mita chache tu zimebaki."

Lile neno, mita chache tu, hakuna aliyekuwa pale ambaye hakuwahi kulisema.

"Ulifika?" Verlin akauliza.

"Nilifika, mzee. Nikiisukuma."

Verlin akachukua waya. "Garland, huyu kakosea kosa langu lile lile: nami nilisikia inagonga, nikakanyaga mafuta. Nikimkataa, itabidi na propela yangu niishushe." Akaifunga pistoni, kisha akaisogeza Pontiac yake, Honda ikapata nafasi.

Garland akaondoka, na wawili wakamfuata. Simu ya asubuhi ikakoma. Jumamosi iliyofuata Verlin alikula aiskrimu yake akitazama yale mapengo, lakini pistoni hakuigusa.

Jumamosi nyingine baada ya hapo Mustang nyekundu ikaingia, ikapita safu ya mbele bila kusimama, ikaenda kuegeshwa kwenye mapipa ya taka. Verlin akabeba sahani ya jibini la kukaanga, akaenda akaketi juu ya ndoo karibu na mlango wake.

"Huku kunanuka," akasema.

"Sikukuita."

Wakala. Baada ya muda Garland akafuta vidole kwenye suruali. "Huyo jamaa yako. Kifuniko cha silinda kikipinda, anaweza kukinyoosha?"

"Muulize mwenyewe."

Touger, aliyekuwa akija na soda, alikuwa ameshasikia. "Kilete Jumatatu, kaka. Lakini uje na suruali nyingine."

Garland akacheka hadi jibini likampalia, na Verlin akampiga mgongoni.