Hongera kwa Mfiwa

Chumba cha pasi cha kiwanda kile cha dobi kilikuwa na wanawake sita na lugha nne, na msimamizi wao, Mama Pasi, hakuwa mtu wa kutafuna maneno. Yule mfanyakazi mgeni alipoambiwa "kaza buti" akainama kutazama viatu vyake, Mama Pasi ndiye aliyecheka mpaka akashika mbavu.

Kisha mama mzazi wa Mama Pasi akafariki, baada ya miaka mitatu ya kugeuzwa kitandani na kulishwa kwa kijiko. Aliporudi kazini, wenzake walimpa pole mmoja mmoja. Mgeni akamshika mikono yote miwili, akasema, "Hongera, mama. Umemfikisha."

Mama Pasi alichomoa mikono yake, na kabla ya saa sita mchana mgeni alikuwa amehamishiwa kwenye mapipa ya dawa ya madoa, kazi inayokula vidole. "Hana utu yule," alimwambia kila mwenye masikio. Ukweli hakuthubutu kuusema: siku mama yake alipokata roho, yeye alishusha pumzi kabla ya kudondosha chozi. Hongera ile ilimgusa penye kidonda.

Wiki tatu baadaye dereva wa mashuka, aliyetoka nchi moja na mgeni, aliwakuta wakimteta, akatikisa kichwa.

"Mnamwonea bure, dada zangu. Kwetu pole anapewa kila mfiwa. Hongera anapewa aliyemuuguza mzazi wake mpaka mwisho. Hakuna heshima kubwa kuliko hiyo."

Mama Pasi alitamani ardhi ipasuke immeze. Alizima pasi, akaenda kwenye mapipa. Vidole vya mgeni vilikuwa vimebambuka ngozi.

"Mdogo wangu, nimekukosea. Nilidhani unanisimanga."

"Nilikuona umekasirika, mama. Nikakosa maneno ya kukueleza."

"Si ungemtuma hata dereva!"

"Nilitaka kumtuma. Halafu nikapigiwa simu ya nyumbani." Mgeni alijifuta mikono kwenye aproni, polepole. "Mama yangu naye amefariki, wiki ya pili nikiwa huku kwenye mapipa. Jirani ndiye aliyemuuguza. Hongera wamempa jirani."

Wiki ile nzima Mama Pasi na wenzake walikuwa wakimsema mgeni, na hakuna aliyempa hata pole.