Swali la Chai

Kijijini kwetu Yakobi, chai isiyounguza ulimi ilikuwa dharau. Mgeni akipewa kikombe kisichofuka moshi alijua hakutakiwa. Bingwa alikuwa baba. Mama alimmiminia birika likiwa bado linatokota, naye akafyonza palepale, bila kupuliza, huku akitucheka sisi watoto. "Mnapuliza nini, mnazima moto?" Alikuwa na sifa, mzee yule. Na baridi ya Njombe si ya kusimuliwa. Mwezi wa sita hata mbwa hatoki jikoni. Mama aliichemsha chai hiyo kila alfajiri mpaka alipofariki.

Mwaka uliofuata baba alikuja Makambako, kwenye mgahawa wangu wanakokula madereva wa malori. Nikampa ugali kwa nyama. Nyama akaiacha. Ugali akauloweka kwenye mchuzi mpaka ukawa uji, na kila tonge akalisindikiza kwa maji, macho yamemtoka. Nilipomuuliza akasema ni mafua ya koo, yameanza wakati wa kupanda viazi. Viazi vilikuwa vimeshavunwa! Nikamkaripia baba yangu mbele ya wateja, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, na kesho yake nikampeleka hospitali.

Walimpitishia mpira wenye kamera kooni, wakakata kinyama cha kupima. Majibu yalipotoka ilikuwa saratani ya umio, ile njia ya chakula, na ilikuwa imeshafika mbali. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilimwonea huruma na kumkasirikia kwa wakati mmoja, na hasira ndiyo iliyokuwa kubwa.

Siku hiyohiyo muuguzi mmoja alitufuata na fomu. Alisema wanatafiti chanzo cha ugonjwa huo. Utafiti hautamponya mzee, alisema wazi, ila huenda ukawasaidia wajukuu zake. Baba akakubali bila kusita. Sigara, pombe, moshi wa jikoni, yote alijibu kweli, hata ulanzi, ile pombe ya mianzi, ambao miaka yote alikuwa akimficha mchungaji.

"Na chai, mzee? Unainywa ikiwa ya moto kiasi gani?"

"Huwa nasubiri ipoe."

Nilimgeukia. Yeye alikuwa anatazama ukuta. Muuguzi akaandika. Kwetu mtoto hamsuti baba yake mbele ya mgeni, hata mtoto mwenyewe awe ameota mvi.

Tulipofika nje nikamuuliza kwa nini amedanganya.

"Ulitaka niseme mama yako ndiye aliyeniua?"

Nikamshika mkono, tukatembea mpaka kituoni.

Wiki zake za mwisho nilimlisha uji uliopoa kwa kijiko cha chai, na nusu yake ilirudi. Alikufa na njaa. Sina namna nyingine ya kulisema hilo. Waombolezaji walijaa uani, mimi nikashika birika, nikawamiminia chai kama ilivyo desturi, na hakuna aliyepuliza.

Baada ya mazishi nilirudi kwa muuguzi yule, nikamweleza ukweli wote. Alisema jibu la marehemu hawezi kulifuta, ila ataandika pembeni maelezo yangu. Akasema pia kwamba chai ya moto mno, ikinywewa miaka nenda rudi, huongeza hatari, ingawa hakuna anayeweza kuapa kwamba ndiyo iliyomuua baba. Mama hakujua, akasema, asilaumiwe. Nilishusha pumzi.

Kisha akanieleza kwamba wanahitaji na majibu ya watu wazima wa afya, wayalinganishe na ya wagonjwa. Nikakaa. Akachukua fomu mpya.

"Wewe chai yako, dada?"

"Kama ya baba."

"Na watoto wako?"

"Hivyohivyo. Wanashindana nani atamaliza kwanza."

"Nani huwamiminia?"

Kalamu yake ilikuwa inangoja.

"Mimi," nikasema.